Injini Iliyolala Kitandani kwa Baba

Injini ya boti ilipofika nyumbani kwetu, baba aliilaza kitandani kwake, akaifunika blanketi, yeye akahamia kwenye benchi la sebuleni. Sikuhadithiwa. Nilifika Jumapili baada ya ibada nikiwa na sukari na mkate kutoka Katesh, nikaingia chumbani nikidhani mzee amejipumzisha, nikasema shikamoo kwa sauti ya kusikika, na kilichokuwa chini ya blanketi hakikuitikia. Nikasogea karibu. Upande wa mto kulikuwa na kichwa cheusi kinachong'aa. Upande wa miguu lilichomoza pangaboi.

Nimekulia katika nyumba ile. Nimeugua malaria mle ndani, nimevunjika mkono mle ndani, nimerudi kutoka shule ya bweni nikiwa nimekonda hadi mama akalia. Sikumbuki hata mara moja kulazwa kwenye kitanda kile.

Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Ana chumba chake pamoja na wajukuu siku nyingi sasa, kwa hiyo mambo ya kitanda hayakumgusa.

"Umemwona mgeni?" akaniuliza.

"Nimemwona. Baba yuko wapi?"

"Ameenda kuangalia ng'ombe. Na wewe punguza sauti, mgeni amechoka, ametoka mbali."

Alicheka mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua maharage ambayo hakuna aliyeniomba niyachambue.

Nieleze tulifikaje hapo.

Nyumba yetu iko karibu na Ziwa Basotu, upande ambao ukisimama mlangoni asubuhi unauona mlima Hanang bila kuutafuta. Sisi ni watu wa kulima na kufuga. Babu yetu alishuka kutoka milima ya Mbulu akitafuta malisho, na hakuna hadithi yoyote inayosema aliwahi kutia mguu ziwani isipokuwa kunywesha mifugo. Baba ndiye aliyeanza mambo ya maji. Alianza kula samaki wakati ndugu zake wakiona ni chakula cha watu wasio na ng'ombe, na walimcheka mpaka walipochoka. Kisha akatengeneza boti moja, baadaye ya pili. Siku za mnada huvusha watu wanaokuja kutoka ng'ambo na mbuzi wao, mikungu yao, na siku nyingine mgonjwa wa kuwahi basi la Haydom. Hajui kuogelea mpaka leo. Hakuna anayejua kuogelea kwetu.

Kipande cha ufukwe ambapo boti zetu hutia nanga tunakiita mwalo wa mzee. Hata watu wasiotujua hukiita hivyo. Baba ameshazeeka, magoti yanamsumbua, na mwaka huu wakati wa palizi alitwambia, mimi na mdogo wangu, kwamba mavuno yakiisha atasema nani atashika mwalo.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Mdogo wangu ni kitinda mimba. Kwetu mambo ya mashamba na nyumba yanajulikana: wa mwisho hubaki na wazazi na nyumba ni yake, wakubwa hupewa sehemu zao wakaanze kwao. Lakini mwalo si nyumba na si shamba. Babu zetu hawakuwa na boti, kwa hiyo hawakuacha neno lolote kuhusu boti. Niliwauliza wazee wawili wa ukoo, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alisema mwalo ni kama zizi, ni wa mkubwa. Mwingine alisema mwalo ni kama mlango wa nyumba, ni wa anayebaki nyumbani. Niliondoka kwao nikijua kidogo kuliko nilivyoenda.

Mimi ninaishi Katesh, nina duka la vipuri na vifaa vya kilimo. Nauza majembe ya plau, minyororo, mipira ya pampu, misumari, grisi. Kila kitu cha chuma kilichowahi kuingia nyumbani kwa baba kilipitia mikononi mwangu. Pampu ya maji ilitoka kwangu. Makufuli ya stoo yalitoka kwangu. Nilikuwa najua hata ukubwa wa nati zilizokaza lango la zizi. Sikuwa nakaa na baba kila siku kama mdogo wangu, lakini nilijiona nipo pale, kwenye kila kitu kilichokazwa na kufungwa.

Baba aliposema anataka injini, kwa sababu wapiga kasia wazuri wamepungua na vijana wote wanataka bodaboda, niliona zamu yangu imefika. Nilimpigia mtu ninayenunua kwake mali Mwanza. Nikapeleka bei nyumbani, nimeiandika vizuri, na picha juu.

Tulikuwa mezani, ugali na perege. Baba aliitazama ile karatasi akaisukuma kwa mdogo wangu. Mdogo wangu akatoa simu.

"Shikamoo tena kaka, usikasirike," akasema. Hutanguliza shikamoo kila anapotaka kunipiga. "Hii hapa ni injini hiyohiyo. Inatoka China moja kwa moja. Angalia bei."

Niliangalia. Ilikuwa chini kiasi kwamba nilidhani ni bei ya kifuniko.

"Hiyo ni picha," nikasema. "Hata mimi naweza kukutumia picha ya ndege."

"Na hii ya Mwanza siyo picha?"

Mama alijifanya anakohoa.

"Mtu wa Mwanza namjua," nikasema. "Ikiharibika, najua mlango wa kugonga."

"Kaka, ukigonga mlango huo unapita kwa huyu na kwa yule, na kila mmoja anakata kipande. Hata wewe unakata."

"Nimkatie baba yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Baba alikuwa anatoa miba ya samaki polepole, kama mtu ambaye hatusikii. Alipomaliza akanawa mikono, akamuuliza mdogo wangu, si mimi, "Huyo Mchina anaongea Kiswahili?"

Simu ilikuwa inatafsiri. Huo ndio ukawa mwanzo wa jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma. Kila jioni mdogo wangu alikaa na baba barazani, anasoma ujumbe wa muuzaji kwa sauti, na baba anatoa majibu. Nilikuta mazungumzo yao mara kadhaa nilipopita nyumbani.

"Anasema: Rafiki yangu mpendwa, habari ya asubuhi njema."

"Ana adabu," baba akasema. "Mwambie nzuri. Muulize kama kwao mvua zimenyesha."

"Baba, huyu anauza injini."

"Kwani anayeuza injini hanyeshewi?"

Mdogo wangu akaandika. Jibu likaja kwamba mvua ni nyingi, barabara zina maji, lakini kiwanda kinafanya kazi. Baba akatikisa kichwa kwa huruma. Siku nyingine alitaka ajue kama wazazi wa yule mtu bado wapo. Ikaja habari kwamba baba yake alishafariki, mama anaishi naye. Baba alivua kofia.

"Mpe pole. Andika vizuri. Mwambie nimeumia."

Msimu uleule paa la duka langu lilivuja, saruji ikaganda ndani ya mifuko, nikashinda siku nzima nikibeba mawe yaliyokuwa mali. Baba alijua. Aliniuliza kama bado nina misumari ya inchi nne.

Baba aliuza fahali, mdogo wangu akauza alizeti yake yote, na sisi wengine tukaambiwa tusali. Lakini kabla ya kulipa, muuzaji aliuliza swali: injini ya mguu mfupi au mrefu? Mguu ni ile sehemu inayoteremka majini yenye pangaboi mwisho wake. Akaomba apimiwe ubao wa nyuma wa boti, ule ambao injini huning'inizwa juu yake.

Boti zetu hazikutengenezwa na fundi wa boti. Kwetu hayupo. Alizitengeneza fundi wa mikokoteni, mtu hodari ambaye mikokoteni yake inapanda milima ya Dongobesh ikiwa na magunia bila kulia. Aliitwa apime. Siku hiyo nilikuwa nimeleta lami ya kuziba nyufa, maana boti kubwa ilikuwa nchi kavu, imekalishwa juu ya magogo. Fundi alisimamisha futi yake chini kwenye udongo, akaipandisha hadi juu ya ubao, akasoma. Mdogo wangu akaandika. Baba akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na kopo la lami, na sikuona kosa lolote. Mkokoteni hupimwa kuanzia ardhini kwa sababu ng'ombe husimama ardhini. Sisi sote ni watu wa mlimani. Kitu kikisimama, tunakipima kuanzia pale miguu yetu ilipo.

Kwa hiyo magogo nayo yalipimwa. Injini ya mguu mrefu ikaagizwa.

Ilikaa baharini mpaka wengine tukaanza kuisahau. Nilimuuliza mdogo wangu kila Jumapili kama imefika, na nakiri nilipenda kuuliza. "Bado ipo melini, kaka." "Meli ipi?" "Meli tu." Kisha siku moja ikashuka kwenye buti la basi la kutoka Dar, pale stendi ya Katesh, hatua chache kutoka dukani kwangu. Mdogo wangu alikuja kuipokea na gari la kukodi. Hakuniita nisaidie kupakia. Niliona kwa macho yangu watu wanne wakilibeba boksi kama wanabeba jeneza la mtu mzito, nami nilikuwa na mteja anayetaka waya wa breki.

Mvua zilikuwa hazijakata, kwa hiyo injini ikalazimika kusubiri. Stoo ina panya, sakafu ina unyevu. Ndipo ikapewa kitanda.

Siku ya kuijaribu watu walikuja wengi. Akina mama waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo chini. Baba alivaa koti lake la kanisani. Mdogo wangu alivuta kamba, ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ikanguruma, na watu wakapiga kelele.

Boti ilisogea kidogo. Kisha nyuma yake maji yakageuka rangi ya chokoleti. Ule mguu mrefu ulikuwa umefika chini kabisa, pangaboi linachimba tope na kung'oa majani. Boti ikajizungusha hapohapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Injini ikazima.

Mama mmoja mwenye ndoo akapaza sauti, "Mzee! Hiyo inavuka au inalima?"

"Kama inalima," mwenzake akadakia, "mimi naikodi msimu ujao!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Fundi wa mikokoteni alikuwa ameingia majini hadi magotini, anautazama ubao wake.

"Mimi nilipima sawasawa," akasema. "Ziwa ndilo limepungua."

"Ziwa limejaa!" wakamjibu.

"Basi tope limepanda."

Nilikuwa nimesimama kando na mama. Alinitazama.

"Umefurahi."

"Sijafurahi, mama."

"Funga mdomo basi, meno yako nayaona toka huku."

Nilisubiri baba akasirike. Nilikuwa nimeshapanga nitakachosema, maneno ya upole, ya mkubwa: basi tuangalie namna ya kusaidia, huyu bado mdogo, amejifunza. Baba hakukasirika. Aliingia majini na koti lake, akamfikia mdogo wangu, akashika ukingo wa boti akachungulia chini kwa muda. Halafu akacheka. Sikumbuki lini nilimsikia baba akicheka hivyo. Akamwambia fundi, "Inua ubao kwa kimo cha magogo yako," na fundi, ambaye ndiyo kwanza alielewa alichofanya, akajishika kichwa, na wote watatu wakacheka ndani ya maji.

Mimi niliwahi kumletea baba pampu yenye mpira uliopasuka, kosa la kiwandani, nikaibadilisha kesho yake. Hajaacha kuitaja.

Ubao ukaongezwa. Fundi alifunga kipande cha mninga juu yake kwa boliti, na boliti zile, nasema tu ilivyokuwa, zilitoka dukani kwangu. Mara hii boti ilikwenda. Ilikwenda vizuri, inapasua maji, viboko waliokuwa karibu na mafunjo wakazama kwa hasira. Baba alitaka awe wa kwanza kuvuka. Alipanda, akakaa mbele, kisha akakumbuka kitu, akageuka kunitafuta. Nikasogea haraka, hata maji yakaingia kwenye viatu vyangu. Nilidhani ananiita nipande.

"Nishikie hivi," akasema, akanipa viatu vyake.

Wakaondoka. Nilisimama pale na viatu vya baba mpaka boti ikawa nukta upande wa pili, ikakaa huko, ikarudi.

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika hata Katesh. Watu wamejua kwamba mdogo wangu anaagiza vitu nje. Mmoja alitaka pampu ya umwagiliaji, mwingine mashine ya kukamua alizeti. Mwezi uliopita aliingia mteja wangu wa siku zote, mkulima kutoka upande wa Getanuwas, akaomba aone gia ya mashine ya kupukuchulia mahindi. Nikamletea. Akaniambia niiinue kidogo kwenye mwanga. Nikainua. Akaipiga picha ikiwa mkononi mwangu.

"Ya nini?" nikauliza.

"Namtumia mdogo wako, aone inavyofanana," akasema bila kubadilika uso. "Ahsante sana, kaka. Wewe una vitu vizuri."

Nikairudisha gia kwenye rafu yake. Kila kitu dukani kwangu kina mahali pake, na nilitumia muda mrefu kuliko kawaida kuhakikisha kimekaa sawa.

Mavuno yameisha. Mahindi yako stoo, mbaazi zimepigwa, wanyama wanakula mabua shambani. Baba hajasema neno kuhusu mwalo. Mama naye hasemi. Nikimgusia, anasema, "Mwulize mwenye mdomo."

Katikati ya mavuno hayo baba alinipigia simu mwenyewe, jambo asilopenda. Alitaka nije na tepu ya kupimia, nzuri, ya chuma, nipime ubao wa nyuma wa boti ndogo. "Pima ikiwa majini," akasema. Nikaenda. Nikavua suruali hadi kaptula, nikaingia, nikapima kutoka usawa wa maji hadi juu ya ubao, nikamsomea namba. Akairudia mara mbili. Nilidhani ubao umeoza anataka kuubadilisha, na nilifurahi kwamba ameniita mimi na si fundi.

Jumapili iliyopita nilimuuliza ana kwa ana. Tulikuwa zizini, anamshikia ng'ombe mguu, mimi namtoa kupe.

"Baba, mavuno yameisha."

"Nimeona."

"Ulisema utasema."

"Nitasema. Kuna kitu nimeagiza. Kifike kwanza."

"Umeagiza wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomozea wapi. "Kwa yule bwana. Mama yake alikuwa anaumwa, sasa anaendelea vizuri."

Nilimkuta mdogo wangu mwaloni akifuta injini yake kwa kitambaa. Hakunificha. Kilichoagizwa ni injini ya pili, mguu mfupi, kwa ajili ya boti ndogo. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ameulizwa aagize, hakuambiwa ya nani. Akanionyesha simu ili nione hadanganyi. Pale penye jina la mpokeaji hapakuwa na jina lake wala la baba. Palikuwa na jina la duka langu, Katesh.

"Ni wewe umeandika hivi?" nikamuuliza.

"Baba ndiye amesema niandike hivyo."

"Kwa nini?"

"Sijui, kaka. Labda kwa sababu basi linasimama karibu na kwako." Akakunja kitambaa. "Au labda sababu nyingine. Na mimi nimekosa usingizi kwa hilo, usidhani ni wewe tu."

Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Boti mbili zilikuwa zimefungwa kwenye kigingi kimoja, kubwa na ndogo, na mwalo ule hauna nafasi ya kusimika kigingi cha pili. Injini imeshapakiwa. Kwa mujibu wa ujumbe wa mwisho, ipo melini.